Mwana Hiti wa Bi Tatu

Wiki mbili zilizopita mlinifanyia karamu ya kuniaga, mkanipa saa ya ukutani, na yule kijana wa mapokezi akasimama akasema kwamba Mzee Maganga, katika miaka yake yote ya kutunza vitu vya sanaa, hajawahi kupoteza hata kitu kimoja cha watu. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama soda yangu. Yale makofi yamenikaa kooni mpaka leo, na kwa kuwa mmeniomba mara tatu niandike tulivyoanza, basi nakaa kuandika. Habari za vyeo mtazisoma kwenye faili. Mishahara haikuwa ya kusimuliwa.

Nilianza katikati ya miaka ya hamsini, kijana wa miaka ishirini na moja, nimetoka Tabora na sanduku la bati na Kiingereza cha darasa la nane. Pembeni ya Mnazi Mmoja, upande wa kuelekea Kariakoo, palikuwa na ukumbi ambao kila kipupwe, kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti, uligeuzwa kuwa karakana ya sanaa. Mwenye shughuli alikuwa mwanamke wa Kizungu, mchoraji. Watu walimwita Mama Rangi kwa kuwa hapakuwa na siku aliyotoka pale bila rangi kichwani. Alimkaribisha kila mtu: mfinyanzi, mchongaji, msusi wa mikeka, mpiga zumari, hata mpita njia aliyetaka kivuli tu. Tatizo ni kwamba Kiswahili chake kiliishia kwenye "maji moto" na "haraka haraka". Ndipo nikachukuliwa mimi, niwe mkalimani na mtunza stoo.

Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama yenyewe. Nikapewa kinu na mchi, nitwange rangi ya buluu. Kufika adhuhuri nilikuwa buluu mpaka kwenye nyusi. Aliyenihurumia ni Mzee Abdala, fundi wa kuandika mabango ya maduka pale Kariakoo, ambaye kwa mkono wake bila rula aliweza kuandika "Duka la Nguo" herufi zikapangana kama meno ya mtoto. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Marekani, kile kitambaa cha pamba, unaikaza kwenye fremu ya mbao, unaipaka uji mwepesi wa muhogo, unaianika. Uji ukiwa mzito, kitambaa kinapasuka. Ukiwa mwepesi mno, kinakunywa rangi yote. Mimi nikaupika vizuri, nikazianika fremu tatu nje ukutani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa anamalizia ya tatu.

"Usihuzunike," Mzee Abdala akasema. "Huyo ndiye wa kwanza kuipenda kazi yako."

Na watu waliokuja pale, jamani! Alikuwepo kinyozi Kombo, aliyekubali kuchorwa kwa sharti kwamba mapengo yake yasionekane, lakini hakuweza kufunga mdomo hata kwa dakika moja. Picha zake zote ameziba mdomo kwa kiganja, na ukimtazama utadhani kapata habari ya msiba. Alikuwepo mwenyekiti wa chama kimoja cha ngoma, mpishi wa watu siku za kazi, ambaye Jumamosi alitujia amevaa koti la kijeshi lenye nishani za bati, akamwamuru Mama Rangi aanze kuchora nishani, na muda ukibaki ndipo achore uso. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu mbavu zinaniuma kwa kicheko. Sijapata tena kazi ya kunichekesha vile.

Bi Tatu alikuja wiki ya pili. Alikuwa Mzaramo, mfinyanzi, mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, na ni kungwi, yaani yule anayewafunda wasichana wakishavunja ungo. Alikuwa akiishi nyuma ya soko na mjukuu wake Mwanaidi. Alitua tonge kubwa la udongo wa Msimbazi katikati ya ukumbi, akanitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

"Alaa!" Akapiga kofi. "Mtumwa wangu huyu! Babu yako alimwangushia babu yangu mzigo njiani, nawe umekuja kulipa." Palepale akaninyang'anya kofia, akaiweka kwenye benchi, akaikalia.

Nyinyi vijana wa leo mnadhani utani ni mzaha wa kupitisha wakati. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu misafara ya mababu, na una sheria zake. Mtani atakutukana mbele ya wakweo. Atachukua samaki kwenye sahani yako, atakufilisi kofia na viatu mpaka uvikomboe. Hutakasirika, maana mtani akikasirika amejitia aibu mwenyewe. Na ukifiwa, mtani ndiye atakayekuja kukuchekesha msibani wakati ndugu zako wote wameshindwa hata kusema.

Nilikuwa mgeni mjini, mama yangu yuko Tabora. Bi Tatu alinifanya mtu. Kila Ijumaa aliniletea wali wa nazi kwenye bakuli, akasema ni mabaki ya paka. Mimi nikala, nikamwambia paka wa Wazaramo wana shida kwelikweli. Alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno. Nilimpenda yule mama, naliandika hili mapema ili mjue nilimfanyia nani jambo nililolifanya.

Mwisho wa msimu wa pili Mwanaidi alivunja ungo. Siku moja Bi Tatu alipita ukumbini na kikapu cha ukindu, akiwa njiani kwenda kwa mtunga shanga Kariakoo. Alipofunua ili atoe tambuu, Mama Rangi akaona kilichomo. Kilikuwa mwana hiti. Msiomjua ni kigogo cha mti kinachotosha kiganjani, hakina mikono wala miguu, kichwani kina vishungi viwili, shingoni shanga. Kwa Wazaramo mwali akiwekwa ndani hukabidhiwa hicho, akawa anakiogesha, anakipaka mafuta, anakilaza ubavuni, mpaka siku ya kutolewa nje. Hakichezewi, wala hakionyeshwi ovyo kwa wanaume.

Mama Rangi aliruka. Tulikuwa na maonyesho ya kufunga msimu baada ya siku tisa, na wageni wakubwa walikuwa wamealikwa. Akaniambia nimwombe Bi Tatu amwazime tu, kwa siku ile moja.

Nikatafsiri. Bi Tatu akafunika kikapu.

"Mwambie siyo kinyago huyu, ni mtoto. Mama yangu alimlea, nami nikamlea, na mama yake Mwanaidi akamlea." Hapo sauti ilishuka kidogo. "Na mama yake Mwanaidi alikufa siku aliyomzaa. Yule msichana hakuachiwa chochote na mama yake. Hana picha wala hana kanga. Ana huyu tu. Ijumaa ya wiki ijayo anaingia ndani, na huyu ndiye atakayelala naye. Mwambie hivyo, tena umwambie vizuri."

Nilimwambia Mama Rangi, lakini sikumwambia vizuri. Nilimwambia bibi anasita kidogo. Halafu nikaongeza, kwa kuwa msimu ule ilikuwa inasemwa kwamba mkalimani mmoja atachukuliwa kazi ya kudumu: "Niachie mimi. Yule ni mtani wangu. Hawezi kuninyima kitu." Nilisema habari za vyeo sitaandika. Hicho kimoja kimeniponyoka.

Siku ya maonyesho ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Bi Tatu alikichukua mwana hiti kwa mtunga shanga, akaja nacho moja kwa moja ukumbini kwa sababu vyungu vyake vilikuwa bado havijachomwa. Kikapu akakiweka stoo kwangu, chini ya benchi, akakifunika kwa upande wa kanga. Akasema, "Mtumwa, nitunzie mtoto." Kisha akaenda uani, akaupa ukumbi mgongo, akaanza kupanga kuni na makuti kwenye vyungu vyake.

Nikasimama stoo. Nauona mgongo wake pale dirishani, anainama na kuinuka. Nikajiambia huu ni utani, mtani anachukua. Nikajiambia jioni kitakuwa kwenye kikapu chake na tutacheka. Nikatia mkono nikakitoa, nikarudisha kanga vilevile ilivyokuwa, kwa uangalifu mkubwa. Sijui mtani gani anayerudisha kanga kwa uangalifu.

Nikampa Mama Rangi. Aliuliza, uso unang'aa, "Amekubali?" Nami, badala ya kusema ametuazima, nikasema: "Amekupa. Ni zawadi." Mpaka leo sijui kwa nini niliongeza lile. Labda nilitaka nionekane mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa. Mama Rangi alitokwa na machozi, nami nikayapokea kana kwamba ni yangu.

Basi kikakaa mezani juu ya kitambaa chekundu, na kibandiko nikakiandika mimi mwenyewe kwa hati nzuri aliyonifundisha Mzee Abdala. Wageni wakaja. Saa saba mgeni mmoja mrefu, msafiri, alikishika akakigeuzageuza, akasema hajaona kitu kama kile. Mama Rangi alikuwa na moyo wa kutoa, na alidhani ni chake. Akampa. Yule mgeni akakifunga kwenye leso, akaaga, akasema meli yake inang'oa nanga saa kumi.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu, na sahani ya kashata mkononi. Ningeweza kusema neno moja. Nikawapitishia wageni kashata.

Saa nane na nusu, Mama Rangi akiwa amekwenda kuwasindikiza wageni wa mwisho, Bi Tatu alimaliza kuchoma vyungu, akaja stoo. Nilimsikia akikung'uta kanga. Akakung'uta tena. Kisha akatoka mbio hadi katikati ya ukumbi, mikono imejaa majivu.

"Nimeibiwa! Jamani, mtoto wangu! Nani kamchukua mtoto wangu?"

Mnaijua Kariakoo. Neno hilo likitamkwa hapo, hata aliyelala anaamka na rungu. Wachukuzi waliokuwa wanapita Mnazi Mmoja wakatua mizigo, wakajaa mlangoni. Kinyozi Kombo akatoa wembe, sijui wa kufanyia nini. Mmoja akauliza, "Nani alikuwa stoo?" Wote wakageuka kunitazama. Mzee Abdala naye akanitazama, na nikaona kwamba yeye ameshajua.

Nikaogopa. Ndivyo ilivyokuwa, sikufikiri hata kidogo habari ya Mwanaidi, niliogopea ngozi yangu. Nikacheka kwa sauti kubwa, nikaruka mbele, nikapiga magoti kama wanavyofanya watani.

"Mimi! Mtumwa wako nimechukua! Mzaramo umelala, mwanao kaenda! Komboa sasa, lete kuku!"

Bi Tatu akanitazama. Mikono yake ilikuwa bado hewani. Alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ule msimu mzima, kisha akapiga kofi moja, majivu yakaruka, akacheka.

"Mnyamwezi huyu kaniweza! Oneni, kaniliza mtu mzima! Nendeni zenu, nendeni, ni mtani wangu huyu!"

Watu wakacheka, wachukuzi wakabeba mizigo yao wakaondoka. Alisubiri mpaka mlangoni pasibaki mtu. Ndipo akanisogelea, akasema taratibu, "Haya. Nipe."

"Kimeondoka," nikasema. "Kuna mgeni kapewa. Meli imeshaondoka, Bi Tatu."

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Kutoka pale mpaka bandarini ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na mimi nilikuwa kijana mwenye mbio. Lakini ningefika pale nimwambie nani nini? Ningelazimika kwanza kumwambia Mama Rangi kwamba nilimdanganya. Basi nikaona ni nafuu meli iwe imeondoka.

Bi Tatu alicheka tena, kidogo tu. Akajifunga kanga, akachukua kikapu kitupu, akaenda zake. Nikabaki nafagia. Saa kumi honi ya meli ikalia, nikaendelea kufagia palepale nilipokwisha kufagia.

Ijumaa Mwanaidi aliingia ndani. Walimpa gunzi la muhindi, maana maskini asiye na mwana hiti hutengenezewa la gunzi. Ni halali, hakuna mila iliyovunjwa. Lakini wanawake wa mtaani walijua kilichokuwepo, wakaanza kusema kwamba Bi Tatu kauza mwana hiti wa marehemu kwa Wazungu. Alisemwa msikitini, alisemwa kisimani, alisemwa hata na mawifi zake. Neno moja la kwamba alichukua Maganga lingemtoa kwenye aibu hiyo. Alilisema siku moja tu, siku ile alipocheka, na watu wakalichukulia ni utani uliokwisha.

Nami nikapata ile kazi ya kudumu.

Mwanaidi alipotolewa nje, nilinunua doti mbili za kanga nikaenda nyuma ya soko. Nilimkuta Bi Tatu kibarazani, anasugua chungu kwa jiwe laini. Nilikuwa nimejifunza maneno njia nzima, na yote yakapotea. Nikasema tu: "Bi Tatu, siku ile haikuwa utani. Nilikuibia."

Hakuacha kusugua.

"Nilijua," akasema. "Mtani huchukua mwenyewe anaona, ndiyo raha yake. Wewe ulisubiri nikupe mgongo."

"Mbona ulicheka?"

"Wale watu wangekuua. Mama yako yuko Tabora, angeambiwa nini?" Akakigeuza chungu, akaanza upande wa pili. "Na honi nayo niliisikia. Nilikuwa bado kwenye pembe ya soko, naogopa kumkabili Mwanaidi. Nikasema, kumbe meli ilikuwapo. Nikasema, Maganga atakuwa amekwenda. Nikakaa pale kwenye gogo kukusubiri uje na mtoto. Nikakaa mpaka Magharibi."

Nililia, naandika bila kuficha. Nikamwekea kanga miguuni. Akaziinua, akazikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyorudishiwa mgeni kitu alichosahau.

"Ahsante, Bwana Karani," akasema. "Nenda salama."

Kabla ya hapo hakuwahi kuniita Bwana Karani. Baada ya hapo hakuniita jina lingine. Aliishi miaka kumi na zaidi, na tulikutana mtaani karibu kila wiki. "Hujambo, Bwana Karani. Habari za kazi. Nyumbani hawajambo?" Heshima tupu. Nilikuwa namtukana babu yake makusudi, palepale njiani, nikiomba tu anitukane. Anatabasamu, ananipisha nipite.

Mama Rangi nilimwambia ukweli msimu uliofuata. Aliandika barua tatu kumtafuta yule mgeni, na hazikujibiwa. Hakunifukuza, akaniambia nitafute namna ya kuishi nalo. Ndiyo maana kwa miaka yote mliyofanya kazi chini yangu niliwasumbua kwa lile swali langu moja kila kitu kilipoingia stoo: mwenyewe amesema nini, kwa maneno yake? Mlikuwa mkinicheka kwamba mzee ana wazimu wa karatasi. Haya, sasa mmejua wazimu ulitoka wapi.

Bi Tatu alipofariki nilikwenda kuzika. Uani palijaa watu. Mwanaidi, sasa mama wa watoto wanne, alikuwa amekaa mkekani, macho makavu, haongei wala hali tangu jana yake. Wazee wakaanza kuuliza, "Mtani wa marehemu yuko wapi? Hakuna Mnyamwezi hapa?" Mzee Abdala, mkongojo mkononi, akanisukuma mbele. Nikasimama katikati ya uwanja. Watu wakaanza kutabasamu tayari, wakisubiri nidai jeneza ni langu, nijilaze chini, nimtukane marehemu, niwafanye wacheke.

Mwanaidi akainua uso.

"Huyu si mtani wetu," akasema kwa upole kabisa. "Huyu ni mgeni. Mpeni kiti."

Nikaletewa kiti, nikakaa.